Saa ya Anthony, pesa za Bibi

Nimeitazama filamu ya The Father mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa chuoni, kwa ajili ya semina ya uzamili, na nilitoka nikisifia ufundi wake. Mara ya pili ilikuwa Kibingo, Kagera, kwenye simu, wiki chache baada ya Bibi kusema ameibiwa pesa za kahawa. Safari hii nilishindwa kuimaliza kwa mkupuo mmoja.

Florian Zeller aliitengeneza mwaka 2020 kutokana na tamthiliya yake mwenyewe ya mwaka 2012. Anthony, mzee wa London, anaamini mhudumu wake amemwibia saa. Saa kaificha mwenyewe. Filamu nyingine ingetuonyesha mzee aliyechanganyikiwa na binti anayelia. Zeller anatuweka upande wa mzee: samani zinabadilika bila taarifa, binti yake Anne anaingia akiwa na sura ya mtu mwingine, na sisi watazamaji tunakosa mahali pa kusimama tukasema ukweli ni huu. Anthony hajui kwamba anaumwa. Anachojua ni kwamba nyumba yake imejaa watu waongo.

Kabla ya hapo nilikuwa nimezoea mfano tofauti. Katika Still Alice, filamu ya mwaka 2014 iliyompa Julianne Moore tuzo ya Oscar, profesa wa isimu anajua fika kinachomjia. Anajipima kwa maswali, na anajirekodia video ya maelekezo kwa ajili ya siku ambayo atakuwa amepotea. Siku hiyo inapofika, anaitazama na kuanza kutii. Ni filamu nzuri, lakini ilinifundisha vibaya: kwamba mgonjwa ni shahidi wa ugonjwa wake. Hata methali yetu ndivyo inavyodhani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ili ufiche, lazima kwanza ujue.

Nami nilijaribu video. Nilimrekodi Bibi akiniuliza mara tano ndani ya nusu saa kwamba nimefika lini, kisha nikamwonyesha. Aliitazama kwa makini.

"Huyu mama anarudiarudia maneno," alisema kwa huruma. "Ana watu wa kumwangalia?"

"Bibi, huyo ni wewe."

Akanirudishia simu. "Mjukuu wangu, huko chuo wanawafundisha kudanganya wakubwa?"

Mwaka 1914, daktari wa neva Joseph Babinski aliwaeleza wenzake mjini Paris kuhusu wagonjwa waliopooza upande mmoja wa mwili bila kujua kwamba wamepooza. Hali hiyo aliiita anosognosia. Hutokea pia kwa wengi wenye dimenshia, na si ukaidi wala aibu. Ubongo unaotakiwa kugundua hitilafu ndio wenye hitilafu. Bibi anakumbuka kwamba ana kumbukumbu nzuri, kwa kuwa miaka yote alikuwa nayo. Makosa ya jana hayakubaki kichwani ili kuisahihisha picha hiyo. Haya si mambo ya London peke yake. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta dimenshia kwa takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Majumbani tunasema tu, ni uzee.

Kwa hiyo ninampa Zeller sifa anayostahili: amefanya uhakika wa mgonjwa usikike kutoka ndani. Lakini nilipoitazama filamu mara ya pili nilikuwa ninamtafuta Angela. Ndiye mhudumu aliyetuhumiwa kuiba saa. Ameshaondoka kabla hadithi haijaanza. Tunasikia tu habari zake, hatumwoni hata mara moja. Filamu inatuingiza katika kichwa cha Anthony kiasi kwamba mtu aliyelipia uhakika wake anabaki jina tu. Saa inapatikana, Anne anatafuta mhudumu mwingine, tunaendelea.

Pale Kibingo, Angela wetu alikuwa kijana wa kazi aliyekuwa akitandaza nyasi migombani. Bibi alisema ameziona pesa mkononi mwake. Alisema bila kusita, akitaja saa na rangi ya shati, na mimi, niliyesoma makala zote hizo, nilimwamini. Ni mimi niliyemwambia kijana afungue begi lake mbele ya watu. Halikuwa na kitu zaidi ya nguo. Aliondoka jioni hiyo bila kudai ujira wake.

Siku nne baadaye shangazi alichota maharage ya kupika, akazikuta pesa ndani ya debe, zimefungwa kwenye kanga. Bibi alifurahi. Akasema mwizi ameogopa, amezirudisha.

Sikumbishia. Yeye hana namna ya kujua. Mimi ninayo, na namba ya kijana yule nimeipiga mara nyingi, haipatikani.