Udongo wa Eldoret

Anayetaka kujua majira ya mwaka mjini Eldoret asitazame jua. Mji uko karibu na ikweta, na iwe Januari iwe Julai, jua huchomoza muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu. Atazame viatu vya wakimbiaji, au matairi ya baiskeli.

Januari ni vumbi. Njia zinazochepuka kutoka barabara ya Ziwa, karibu na Chuo Kikuu cha Eldoret, zimekauka kwa kiangazi, na matatu moja ikipita, kundi zima la wakimbiaji huibuka kwenye wingu lake na nyusi nyekundu. Mwendo ni wa kasi kwa kuwa ardhi ni ngumu. Ni majira mazuri kwa saa ya mkononi. Kwa ufundi, sidhani.

Ufundi huja na mvua. Mwisho wa Machi, wakulima wa Uasin Gishu wakianza kupanda mahindi, njia nazo huanza kuloa, na hazikauki sawasawa hadi Septemba. Udongo hushika soli, hatua kwa hatua, mpaka kiatu kimoja kina uzito wa viwili. Mkimbiaji mzoefu hapigani nao. Hufupisha hatua, huinua goti kidogo zaidi, na penye mteremko hukanyaga nyasi za kando. Mgeni hutambulika hapo hapo: anatupa mguu mbele, anateleza, kisha anailaumu njia. Na ni katika tope hili la Julai na Agosti ndipo watu hujiandaa kwa Berlin mwezi wa Septemba na Chicago mwezi wa Oktoba. Kelvin Kiptum alipomaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35, tarehe 8 Oktoba 2023, watazamaji waliona lami. Watu wa nyanda hizi walikumbuka mvua.

Wageni hushangazwa pia na upole. Siku ya mazoezi mepesi, bingwa huenda polepole kiasi kwamba mwanafunzi wa kawaida anaweza kuandamana naye kwa muda, tena wakipiga soga.

Baiskeli ina hesabu nyingine. Tope hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma, na utamkuta mwanafunzi ameinama kando ya njia akilichokoa kwa kijiti huku mhadhara ukiendelea bila yeye. Msimu wake mzuri ni Novemba: mvua zimeishindilia njia, vumbi bado, cha kukwepa ni matrela ya mahindi tu. Huo ndio wakati wa kufika Iten na kushuka bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Anayejua kazi hashikilii breki muda wote. Hubana, akaachia, akabana tena, rimu zisipate moto, na macho yake yako kwenye kona inayokuja. Mwendesha baiskeli Suleiman Kangangi, aliyefariki mashindanoni Marekani Agosti 2022, alithibitisha kwamba Kenya haizai wakimbiaji peke yao.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na majiji hupenda lami. Siipingi, ni neema kwa baiskeli na kwa mgonjwa anayewahishwa hospitali. Lakini miundi ya mkimbiaji haiwezi lami kila siku. Basi wahandisi wetu, kila mnapotandaza lami, tuachieni kando yake mita mbili za udongo, zisizo na mtaro wala kibanda.