Tuzo Huanzia Daftarini

Mwaka 2017 Tuzo ya Ikweta, ambayo Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) huwapa wanajamii wanaolinda mazingira huku wakipunguza umaskini, ilipokea mapendekezo zaidi ya 800 kutoka nchi 120. Walioshinda walikuwa 15. Miongoni mwao ni Mikoko Pamoja, kikundi cha vijiji viwili vya Gazi na Makongeni katika Kaunti ya Kwale, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa. Msitu wa mikoko kinaoutunza ni hekta 117. Mapato yake kwa kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo yalikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Ukikilinganisha na miradi ya kimataifa, hicho ni kikundi kidogo sana.

Nataka tuangalie jinsi kikundi cha ukubwa huo kinavyoweza kusimama mbele ya majaji walio mbali na Gazi, wasioijua miti ya mikoko kama mkandaa na mchu, na wenye mafaili mia nane mezani. Tuzo za huduma kwa jamii zimekuwa nyingi siku hizi: za kata, za kaunti, za misikiti na makanisa, za mabenki na redio. Na mara kwa mara anayestahili hukosa. Hakosi kwa kuwa kazi yake ni ndogo. Hukosa kwa sababu waliompendekeza walimsifu, hawakumtolea ushahidi.

Mikoko Pamoja ilipoanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013 ilibidi ijibu maswali ambayo mfadhili wa kawaida haulizi. Msitu unaanzia wapi na kuishia wapi? Una miti ya aina gani, mingapi kwa hekta, minene kiasi gani? Na kama kikundi kisingekuwepo, leo hapo pangekuwaje? Mnunuzi wa hewa ya ukaa anataka tani zilizohesabiwa, na kiwango cha Plan Vivo, ambacho mradi umesajiliwa chini yake, hudai ripoti kila mwaka. Bahati ni kwamba Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) ina kituo hapo hapo Gazi, na watafiti wake walikuwa wameichunguza mikoko ya ghuba ile kwa miaka mingi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Uskoti. Hesabu iliyopatikana ni kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, zinazotokana na miti iliyonusurika kukatwa, msitu uliozuiwa usichakae na miche mipya iliyopandwa.

Upande wa sheria nao ulikuwa umekamilika. Mikoko ni msitu wa umma, na wanakijiji hawawezi kuuza faida ya kitu wasicho na haki nacho. Kwa hiyo kazi hupitia chama cha jamii cha misitu cha Gogoni-Gazi, chenye makubaliano ya usimamizi na Huduma ya Misitu ya Kenya. Jaji akiuliza ni nani aliyewapa ruhusa, jibu ni waraka wenye sahihi. Akiuliza fedha huenda wapi, anaonyeshwa maji ya bomba na shule, matumizi yaliyojadiliwa na wanakijiji wenyewe.

Lakini sehemu ya kazi yao ninayoithamini kuliko zote ni mivinje. Ukimkataza mtu kukata mikoko, kesho atapikia nini, na atajenga nyumba kwa boriti gani? Kikundi kilipanda mivinje nchi kavu ili watu wapate kuni na nguzo za kujengea bila kuingia mikokoni. Pendekezo lolote lenye habari kama hiyo huwa limemjibu jaji kabla hajauliza swali gumu kuliko yote: kazi yenu njema imemuumiza nani, na mmemfanyia nini?

Kwa maneno mengine, siku ya kujaza fomu ya tuzo ilipofika, ushahidi ulikuwa tayari. Ulikuwa umeandikwa kwa shughuli nyingine kabisa, na hilo linaupa uzito. Takwimu zilizokusanywa ili kumridhisha mnunuzi na mkaguzi zina nguvu kuliko zile zinazosakwa wiki moja kabla ya kufungwa kwa maombi.

Sasa tazama pendekezo la kawaida la kwetu. Chukua mfano wa kubuni wa mama anayelea watoto wa jirani. Mpendekezaji ataandika hivi: “Mama huyu ana moyo wa huruma, hujitolea kwa hali na mali, na ni kioo cha jamii.” Yote yanaweza kuwa kweli. Ila hakuna neno hata moja hapo lisiloweza kuandikwa kuhusu mtu mwingine yeyote, na jaji akishalisoma kwa mara ya thelathini siku hiyo, anafungua faili linalofuata. Mpendekezaji huyo huyo angeweza kuandika kwamba tangu 2016 mama huyo huwapokea nyumbani kwake watoto ambao wazazi wao hurudi usiku kutoka sokoni. Kwamba alianza na wanne na sasa ni kumi na mmoja. Kwamba huwapa uji na kusimamia kazi zao za shule. Na kwamba mwalimu wa darasa la tatu amethibitisha kwamba sita kati yao, waliokuwa wakikosa shule kila Ijumaa, hawakosi tena. Hakuna sifa hata moja humo, na hata hivyo msomaji atamsifu mwenyewe.

Ukiyachunguza maelezo hayo ya pili utaona yanasimama juu ya mambo matatu: hali ilikuwaje kabla, ikoje sasa, na ni nani anayeweza kuthibitisha ambaye si ndugu wala mwanachama. Hilo la tatu ndilo tunalolisahau zaidi. Tunadhani barua ya mwenyekiti wa mtaa, au ya chifu kwa upande wa Kenya, inatosha. Barua hiyo ni ya utambulisho. Inasema fulani ni mkazi wa eneo langu, ninamfahamu, ana tabia njema. Ni muhimu mtu anapofungua akaunti au kumdhamini mwenzake kituoni, lakini kuhusu huduma aliyotoa haisemi kitu. Nimeona mafaili yenye mihuri mitano ya ofisi tano, na hakuna hata mmoja wa hao wagonga muhuri aliyewahi kuhudumiwa na kikundi kinachopendekezwa.

Waingereza wamelitengenezea jambo hili kanuni inayofaa kuigwa. Tuzo yao ya juu kabisa kwa vikundi vya kujitolea ilianzishwa mwaka 2002, Malkia Elizabeth wa Pili alipotimiza miaka 50 kwenye kiti cha enzi, na sasa huitwa Tuzo ya Mfalme ya Huduma za Kujitolea. Haina fedha. Kikundi hakiwezi kujipendekeza. Mpendekezaji asiwe mwanachama, mfanyakazi wala mdhamini wa kikundi, na lazima aambatanishe barua mbili za watu wengine walioko nje ya kikundi lakini wanaoijua kazi yake. Kikundi kiwe kimefanya kazi kwa miaka mitatu au zaidi, na zaidi ya nusu ya watu wake wawe wa kujitolea. Baada ya hapo ofisi ya mwakilishi wa Mfalme katika eneo husika hukitembelea na kukikagua, kisha faili hupanda kwenye kamati ya taifa. Kwa utaratibu huo, sauti inayotangulia ni ya aliyepokea huduma. Kiongozi wa kikundi husikika baadaye, na kwa kuulizwa.

Kanuni hiyo ingetusaidia hasa kwa zile huduma zisizo na mizani. Hekta hupimwa, utu haupimwi hivyo. Kina mama wanaoamka alfajiri kupika msibani, wanaojua kuosha na kukafini maiti ya mwanamke mwenzao asiye na jamaa mjini, wanaomsindikiza mgonjwa hospitali na kulala chini ya kitanda chake hadi dada yake afike kutoka bara, hawana rejista. Mara nyingi hawana hata jina la kikundi. Nimewahi kusikia kamati zikiwaacha kando kwa madai kwamba hakuna takwimu, na siku hiyo hiyo zikampa tuzo mtu aliyechangia viti vya plastiki kwa sababu risiti yake ilikuwepo.

Ushahidi wao upo, tena mwingi, ila umekaa kwa watu badala ya karatasi. Anayetaka kuwapendekeza hana budi kwenda kwa waliofiwa na kuwauliza: siku ile ni nani alifika wa kwanza, alifanya nini, alikaa siku ngapi, je, aliomba chochote? Ayaandike majibu kwa maneno yao wenyewe, kwa lugha yao, na kama msimuliaji hasomi, asomewe alichosema kabla ya kuweka dole gumba. Masimulizi manne ya familia nne zisizofahamiana, yanayomtaja mtu yule yule akifanya jambo lile lile katika miaka tofauti, yana uzito sawa na jedwali lolote. Jaji anayetafuta ukweli huona mfanano huo upesi.

Kuna tuzo nyingine ambazo mlango wake hauko wazi kwa umma. Tuzo ya Mazingira ya Goldman ya San Francisco, iliyompata Wangari Maathai mwaka 1991, hupokea majina kwa siri kutoka kwa mtandao wa mashirika na wataalamu inaowaamini. Mwaka 2015 ilimfikia Phyllis Omido wa Owino Uhuru, Mombasa, aliyepambana na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa kikitia madini ya risasi kwenye damu ya majirani, akiwemo mtoto wake mwenyewe. Mwaka uliofuata ilimfikia Edward Loure wa Simanjiro, ambaye pamoja na wenzake wa shirika la Ujamaa Community Resource Team alizisaidia jamii za kaskazini mwa Tanzania kupata hati za kimila zinazomilikiwa na jamii nzima, kwa ardhi ya zaidi ya ekari 200,000. Huwezi kutuma fomu huko ukiwa kijijini, lakini kazi yao ilikuwa imeacha alama ambazo mtu wa mbali angeweza kuzifuata: majibu ya vipimo vya damu, kiwanda kilichofungwa, hati zenye mipaka na namba.

Hapo ndipo linapokuja suala la kumchagulia mtu tuzo inayolingana na kazi yake. Goldman humtunuku mtu binafsi. Ikweta huitunuku jamii. Ukiikosea tofauti hiyo unaweza kuvunja kikundi. Nimeona chama cha kina mama ishirini kikipendekezwa kwa jina la mwenyekiti wake kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kuandika, na baada ya sherehe mweka hazina na wenzake watatu hawakurudi mkutanoni. Kama kazi ni ya wengi, pendekezo liwataje kama wengi, lieleze nani hufanya nini, na lisomwe mbele yao kabla halijatumwa.

Idhini nayo si adabu tu. Omido alikamatwa mwaka 2012 kwa sababu ya kazi yake, akashambuliwa, ikabidi ajifiche. Kumtangaza mtu anayegombana na mwenye kiwanda au mwenye shamba kubwa kunaweza kumkinga, na kunaweza pia kumfikishia adui anuani yake. Uamuzi huo ni wake, na aulizwe mapema, faragha, akiwa na nafasi ya kukataa bila kuonekana hana shukrani.

Neno la mwisho ni kwa wanaotoa tuzo. Nchini Kenya nishani za taifa hutolewa chini ya sheria ya mwaka 2013, na kila Desemba orodha ndefu hutokea kwenye Gazeti Rasmi: jina, kisha nishani. Sababu haimo. Tuzo ya Ikweta, kwa upande wake, huchapisha maelezo ya kazi za washindi, na Waingereza huweka mstari mmoja au miwili chini ya jina la kila kikundi. Kaunti, halmashauri au redio inayotoa tuzo inaweza kuanza mwaka huu huu kwa kuchapisha aya moja kwa kila mshindi: alichofanya, kwa muda gani, na ni nani aliyethibitisha. Mwalimu wa Lungalunga au mtendaji wa kata ya Pangani anayetaka kumpendekeza mtu mwakani atakuwa na mfano mkononi, na waliokosa watajua faili lao lilipungukiwa na nini.