Sanduku la Kila Wiki

Mwaka 1996, akiwa na miaka 15, Ashish Thakkar aliacha shule, akakopa dola 5,000 na kufungua duka dogo la kompyuta Kampala. Familia yake ilikuwa imetoka Rwanda baada ya kunusurika mauaji ya 1994. Kwa simulizi yake mwenyewe, kila mwisho wa wiki alipanda ndege kwenda Dubai, akajaza sanduku vipuri vya kompyuta, akarudi akalipia ushuru, akauza Jumatatu mpaka Ijumaa, kisha safari tena. Wanaoirudia hadithi hii husifu ujasiri wake. Mimi nimeshikwa na kalenda yake.

Mtaji ule ulizunguka ndani ya siku saba. Tupige hesabu ya kufikirika. Tuseme kila safari, ukishatoa tiketi na ushuru, inaacha faida ya asilimia 5 tu, na yote inarudi kwenye mzigo. Baada ya safari 50, dola 5,000 zimefika kama 57,000. Mwenzake mwenye mtaji huohuo anachangia kontena. Yeye anapata asilimia 40 kila mzigo, lakini mzigo mmoja unamla miezi minne, kuanzia kuagiza mpaka kukusanya madeni. Mwaka ukiisha ana dola 13,720. Ukipita kwenye maduka ya Deira, Dubai, ukauliza nani kati yao kapiga faida, wengi watamtaja wa kontena, kwa sababu asilimia 40 inasikika vizuri mdomoni.

Hesabu yangu ina udhaifu, naukiri. Sanduku lina kilo zake na Kampala ilikuwa na wanunuzi wake. Faida haiwezi kurudi yote kwenye mzigo milele. Na mbinu hii haimfai kila mtu. Vipuri vya kompyuta ni vyepesi na ghali, kwa hiyo thamani kubwa inaingia mkononi. Muuza sufuria akijaribu, tiketi itammaliza safari ya kwanza. Tena kipuri cha kompyuta huchuja haraka: kikilala dukani miezi mitatu, kipya kimeshatoka na bei yake imeanguka. Kasi ilikuwa pia kinga.

Kinga hiyo ina upande wa pili, nao ni fedha yenyewe. Dirham imefungwa kwa dola, kama 3.67 kwa dola moja, kwa hiyo bei ya Dubai haimshtui mnunuzi mwenye dola. Hatari yote iko nyumbani, kwenye shilingi, kati ya siku ya kuuza na siku ya kununua tena. Chukua mfano wa Kenya: mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ilikuwa imefika 160. Mfanyabiashara wa Eastleigh, Nairobi, aliyetoa mali kauli kwa miezi mitatu katika kipindi hicho angeweza kulipwa mpaka senti ya mwisho na bado ashindwe kununua tena mzigo uleule. Ndiyo maana wazoefu hupanga bei kwa gharama ya mzigo unaofuata; risiti ya mzigo uliopita ni ya mtu wa kodi. Mwenye mzunguko wa siku saba hana haja kubwa ya ujanja huo. Shilingi haipati muda wa kumla.

Thakkar baadaye aliweka makao ya kampuni yake, Mara Group, hapohapo Dubai. Mwaka 2013 aliungana na Bob Diamond, aliyewahi kuiongoza Barclays, wakaanzisha Atlas Mara na kukusanya dola milioni 325 kwenye soko la hisa la London, kila hisa dola 10. Wakanunua BancABC, yenye benki kuanzia Botswana mpaka Zambia na Tanzania, na sehemu ya Union Bank ya Nigeria. Hapa mtaji haukuzunguka tena kwa wiki: uliingia kwenye mikopo ya miaka, ukipata faida kwa naira na kwacha huku wenye hisa wakihesabu kwa dola. Juni 2016 Nigeria iliiachia naira ielee sokoni, ikaporomoka kutoka kama 200 hadi zaidi ya 280 kwa dola ndani ya siku chache. Kufikia 2020 hisa iliyouzwa dola 10 ilikuwa chini ya dola moja.