Ngumi Nzito Hupimwa kwa Aliyepigwa

Hapa Gisenyi, wenzangu wanaovuka mpaka kutoka Goma hawataki George Foreman atajwe miongoni mwa mabondia wenye ngumi nzito kabisa. Hoja yao ni moja: aliangushwa na Muhammad Ali mjini Kinshasa, Oktoba 30, 1974.

Naona wanachanganya ushindi na uzito wa ngumi. Foreman alifika Zaire akiwa ameshinda mapambano 40, 37 kwa nokauti. Hata hesabu hiyo hainitoshi, kwani bondia anaweza kujaza rekodi kwa kuwapiga wanyonge. Mimi huuliza ni nani aliyepigwa. Joe Frazier, bingwa aliyewahi kumshinda Ali, aliangushwa na Foreman mara 6 katika raundi 2, mwaka 1973. Na Ali mwenyewe je? Aliegemea kamba, mikono usoni, akingoja mwenzake achoke, mpaka raundi ya 8. Mtu hajikunyati hivyo mbele ya ngumi nyepesi.

Anayenitatiza ni John Mugabi wa Uganda. Mapambano yake yote ya kulipwa alikuwa ameyamaliza kwa nokauti, hadi Marvin Hagler alipommaliza yeye katika raundi ya 11, Machi 1986. Hagler alizipokea ngumi zile akabaki wima. Kwa kipimo changu Mugabi anashuka, na inaniuma, maana ni jirani. Lakini huyo Hagler, katika mapambano 67, alihesabiwa na mwamuzi mara 1 tu. Je, nimlaumu Mugabi kwa kukutana na ukuta? Hapo wenzangu wa Goma hunibana, na bado sijawajibu.