Hijra Isiyo na Madina: Mwafaka wa Sauti katika Nyimbo za Joni Mitchell

Joni Mitchell, mtunzi na mwimbaji wa Kanada, anajulikana zaidi kwa "Big Yellow Taxi" na "Both Sides Now". Nyimbo za albamu yake ya mwaka 1976, Hejira, hazina umaarufu huo, ingawa ndizo zinazomgusa zaidi msikilizaji aliyehama kwao. Jina hilo ni neno hijra, nalo linazua swali. Hijra ya mwaka 622 ilikuwa na mwisho, yaani Madina. Hii inaishia wapi? Anayesoma maneno peke yake atajibu kwamba ni habari ya mapenzi yaliyovunjika na safari ndefu ya gari kuvuka Marekani. Jibu kamili limo katika gitaa.

Mitchell aliugua polio akiwa na miaka tisa, na mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu. Badala ya kuhangaika na mikao migumu ya vidole, alizikaza nyuzi upya kwa namna nyingi zisizo za kawaida. Hapo akapata mafungu ya sauti yanayoning'inia: sikio hungoja sauti moja ishuke mahali pake, nayo haishuki. Mwenyewe aliyafananisha na maswali.

"Amelia" ndio mfano bora. Wimbo unamwita Amelia Earhart, rubani aliyepotea katika Pasifiki mwaka 1937. Una beti saba, na kila ubeti hufungwa kwa kauli ileile, mithili ya kituo cha shairi la Kiswahili. Lakini kituo cha shairi humpumzisha msikilizaji, hiki humhamisha. Ubeti huanza katika makao ya F, kituo hutua katika G, kisha gitaa humrudisha F kana kwamba hakukuwa na kutua. Makao ni mawili, wala hakuna linalotawala. Ngoma hazimo, besi haimo. Ni magitaa na vibrafoni tu, sauti zisizo na ardhi chini yake. Ubeti wa mwisho unamfikisha msafiri mahali pa kulala, ila muziki haukubali kwamba amefika.

Katika "Refuge of the Roads" besi ipo, lakini Jaco Pastorius haifanyi msingi. Anapiga besi isiyo na vipande vya chuma shingoni, na sauti yake huteleza na kujibizana na mwimbaji. Kinyume chake ni "Blue Motel Room", wenye mwafaka wa jazi uliozoeleka, ambao hurejea nyumbani bila shida. Si ajabu: huo ndio wimbo unaotumaini kurudi kwa mpenzi. Ni mtamu, na ndio dhaifu kuliko wenzake, kwa kuwa unajibu upesi swali ambalo albamu nzima imeliacha wazi.

Basi jina Hejira linastahili nusu tu: kuhama kumo, Madina haimo. Mhakiki anayetafsiri maneno na kuuacha mwafaka wa sauti atawaambia wasomaji wa ughaibuni kwamba msafiri alipata kimbilio. Gitaa linasema kimbilio lenyewe ni barabara.