Ufundi wa Kusoma Uvimbe

Ili kujua kama kirusi cha kuua saratani kinaweza kuingia kwenye seli za uvimbe, fundi wa maabara huinama juu ya mikrotomu, mashine ya kukatia tishu, akikata kipande cha uvimbe huo chenye unene wa takribani mikromita 4. Tishu ya uvimbe imehifadhiwa kwa formalini, ikaondolewa maji, ikazamishwa ndani ya nta. Kisu kikiwa butu, kipande huchanika. Mkono ukiwa na haraka, hujikunja. Fundi hukilaza juu ya maji ya vuguvugu kinyooke, kisha hukiopoa kwa kioo. Mkono huo ninauheshimu sana.

Katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Matthias Gromeier na wenzake walitengeneza PVSRIPO: kirusi cha chanjo ya polio ambacho sehemu ya vinasaba vyake imebadilishwa kwa ile ya kirusi cha mafua, ili kisishambulie neva. Huingia kwenye seli kwa mlango mmoja, protini iitwayo CD155, inayopatikana katika glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Je, uvimbe wa mgonjwa fulani una mlango huo?

Kingamwili ndiyo hujibu. Kwa kuwa formalini hufunganisha protini na kuzificha, kipande huchemshwa kwanza ili zifunuke. Humwagiwa kingamwili inayoitambua CD155, huachwa, huoshwa. Hufuata ya pili iliyobeba kimeng'enya, kisha kemikali inayogeuka kahawia palipo na protini. Viini vya seli hutiwa rangi ya buluu.

Hata hivyo, kahawia peke yake si ushahidi, maana kingamwili isiyochagua hushika hata isichotumwa. Kwa hiyo kipimo cha CD155 kilihakikiwa kwanza, na uhakiki huo ukachapishwa mwaka 2017. Fundi makini naye huweka kando ya sampuli tishu inayojulikana kuwa na protini na nyingine isiyo nayo. Hizo zikikosea, hufuta kazi nzima na kuanza upya.

Mlango kuwapo hakuahidi uponyaji: kinga ya mwili nayo lazima iamke. Katika jaribio lililochapishwa 2018, kwa wagonjwa 61 waliopewa PVSRIPO, kiwango cha kuwa hai baada ya miaka 3 kilikadiriwa kuwa asilimia 21. Kwa ugonjwa mkali hivyo, mgonjwa hana muda wa kupotezewa na jibu la kubahatisha. Anastahili jibu la kweli, na jibu hilo hutoka kwa mtu asiyekubali kuruka hatua hata moja.