Hesabu ya Nairuzi: kanuni iliyomo ndani ya miongo

Kwa karne nyingi wavuvi na wakulima wa Pemba, kama wenzao wa mwambao, wamehesabu misimu kwa mwaka wa Nairuzi: miongo 36 ya siku kumikumi na siku tano juu yake, jumla 365. Hesabu hiyo ya pepo za kaskazi na kusi ina mfuatano wa namba unaostahili kuchambuliwa.

Tuipe Ijumaa 0, Jumamosi 1, Jumapili 2, hadi Alhamisi 6. Mwaka ukianza Jumamosi, siku za kuanza kwa miongo zitakuwa 1, 4, 0, 3, 6, 2, 5, 1… Je, kila namba inazaliwaje na iliyotangulia?

Hatua ya kwanza ni kutafuta tofauti: 3, −4, 3, 3, −4, 3, −4. Zinaonekana kuyumba. Lakini 3 na −4 zimeachana kwa saba, na wiki ina siku saba. Kurudi nyuma siku nne ni sawa na kwenda mbele tatu. Kwa hiyo kanuni ni moja: ongeza 3, na jumla ikifika saba au kuzidi, toa saba.

Kulingana kwa namba chache hakutoshi. Lazima sababu ijulikane. Hapa ipo wazi: siku kumi ni wiki moja na siku tatu.

Sasa kanuni ipimwe kwa mwaka mzima. Miongo 36 inasogeza siku 108, yaani wiki 15 na siku 3. Ongeza zile tano: nane, sawa na wiki moja na siku moja. Basi Nairuzi husogea siku moja tu kila mwaka. Mwaka wa Jumamosi hufuatwa na wa Jumapili, na baada ya miaka saba mzunguko huanza upya.

Kalenda ya Januari ni ngumu zaidi. Tarehe mosi Januari kuanzia 2021 hadi 2025 inatoa 0, 1, 2, 3, 5. Mwaka mrefu wa 2024 umevunja mwendo, hivyo namba ya mwaka uliopita peke yake haitoshi. Ukirudi miaka minne nyuma, kanuni inapatikana: ongeza 5, kwa kuwa siku 1,461 ni wiki 208 na siku tano.

Kanuni hiyo itakwama mwaka 2100, ambao hautakuwa mrefu: kutoka 2097 hadi 2101 itaongezwa 4 tu. Ile ya Nairuzi haitaguswa.